Mfyatua matofali wa Muleba na samaki aliyezama majini

Umande bado uko kwenye nyasi, na Gamaliel Rutashobya ameshakunja suruali hadi magotini. Yuko ndani ya shimo la udongo, bondeni, nje kidogo ya mji wa Muleba, anakanyaga. Anakwenda hadi ukingoni, anageuka, anarudi alikotoka. Kila anapouchomoa mguu, udongo unatoa sauti nzito ya kunyonya.

Ghafla anasimama. Anainama, anatia mkono kwenye tope mpaka kiwikoni, anapapasa taratibu. Anatoa jiwe, analitazama, analitupa pembeni.

"Jiwe tu," anasema, na usoni unaona kwamba angefurahi zaidi kama kingekuwa kitu kingine.

Wafyatua matofali wenzake hawachoki kumtania. Anwari, aliyehamia Muleba kutoka Bukoba mjini akiwa kijana na kufanya naye kazi miaka mingi, anasema siku hizi Gamaliel anakanyaga udongo kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto mchanga.

"Zamani huyu mzee alikuwa trekta," anasema Anwari huku akimimina ndoo ya maji shimoni. "Sasa sisi ndio tunamsubiri yeye. Matofali yanachelewa kwa sababu anamtafuta ndugu yake kwenye tope."

Gamaliel hakasiriki. Anapangusa jasho kwa mgongo wa mkono, anaacha baka la udongo kwenye paji la uso.

"Hajasema uongo," anasema. "Namtafuta ndugu."

Ndugu mwenyewe ni kamongo, yule samaki mrefu wa ziwani na wa matingatinga yenye maji na mafunjo, mwenye ngozi ya utelezi na mapezi yaliyokonda yakabaki kama kamba nne zinazoning'inia. Kwa Kihaya anaitwa emamba, na hana uhusiano wowote na mamba wa mtoni. Wavuvi wengi wa Kagera wanamheshimu kwa sababu ya meno yake, na wanaompenda kwenye sufuria hawakosekani.

Katika ukoo wa Gamaliel, hafiki kwenye sufuria. Emamba ni muziro wao, yaani mwiko wa ukoo. Hawamli, hawamuui, hawamshiki kwa ubaya. Mtoto wa ukoo huo hujifunza hilo kabla hajajua kuhesabu, na binti akiolewa huenda nalo kwa mumewe, akabaki hamgusi samaki huyo hata kama sufuria ya wakwe imejaa.

"Nilipokuwa mdogo nilimuuliza tata, baba yangu, kwa nini," anasimulia Gamaliel. "Akaniambia, kwani nawe unaulizwa kwa nini humli mjomba wako?"

Ana umri wa miaka hamsini na minane sasa. Ni mzee wa kanisa katika usharika wake wa Kilutheri, na Jumapili humkuti bondeni hata mvua ikitishia matofali mabichi. Alianza kufyatua baada ya ugonjwa wa mnyauko kuingia kwenye migomba yake na kumwachia nusu tu ya kibanja, shamba lake la migomba na mibuni nyuma ya nyumba. Tofali la kuchoma huliuza shilingi mia na hamsini papo hapo kwenye tanuru, na zaidi ya theluthi ya fedha hiyo huishia kwenye kuni. Mkewe, Evodia, husema hana haja ya kuulizwa msimu umekwendaje, kwa kuwa huusoma kwenye migongo ya mumewe na Anwari wanapopanda kilima jioni.

Kwa kazi hiyo amesomesha watoto wanne. Wa tatu ni Judica, na huyo ndiye aliyefika mbali zaidi. Alikwenda chuo kikuu kusomea ualimu wa biolojia.

Gamaliel alijivunia binti huyo mpaka akawa kero. Anwari anakumbuka kwamba bondeni hapakuwa na mazungumzo yasiyoishia kwa Judica. Ukizungumzia bei ya kahawa, atakwambia Judica anasema mbuni nao unaumwa kama mtu. Ukisema mbu wamezidi, atakwambia ni majike tu ndiyo yanayouma, Judica kasema.

Kisha, katika likizo yake ya mwisho ya chuo, Judica aliwaambia wazazi wake mezani habari ambayo kwake ilikuwa nzuri. Alikuwa amefanya utafiti mdogo kuhusu namna samaki wanavyopumua, mwalimu wake akamsifu. Aliwapasua sangara, sato, kambale na kamongo.

"Nilisema haraka haraka, kama mtu anayesimulia safari," anasema Judica. "Nilipofika kwenye jina la mwisho niliona mama ameshusha kijiko."

Gamaliel aliweka tonge lake la ebitoke, ndizi za kupika, kwenye sahani, akanawa mikono, akatoka nje. Hakupiga kelele. Hakumfukuza. Alirudi usiku, akalala, na kesho yake akamjibu binti yake salamu kama mtu anavyomjibu mpita njia.

Pengine jambo hilo lingepoa. Lakini mwezi uleule mama yake Gamaliel, aliyekuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi, alianguka jikoni na hakuamka. Katika msiba huo baba na binti walisimama pande mbili za kaburi moja.

"Sikusema ni yeye aliyeleta kifo kwa kuvunja muziro," anasema Gamaliel, na sauti yake inashuka. "Sikumwambia mtu. Mchungaji alihubiri kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, nikaitikia amina. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamhukumu mwanangu."

Judica alipata kazi katika sekondari moja ya Manispaa ya Bukoba, akapanga chumba Kashai. Kwa basi, kutoka Muleba hadi Bukoba hazifiki saa mbili. Gamaliel hakwenda hata mara moja. Salamu zilipita kwa Evodia, kwa simu yake, na mara nyingi zilikuwa fupi. Mwambie baba nimemsalimu. Mwambie nimesikia. Hali ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu.

Kilichoibadilisha kilitokea mwaka jana, katikati ya kiangazi, humuhumu shimoni.

Bonde lilikuwa limekauka kuliko kawaida. Mahali ambapo masika huwa tingatinga la mafunjo, ardhi ilikuwa imepasuka vipande unavyoweza kuvinyanyua kwa mkono. Gamaliel na Anwari walichimba sehemu ambayo hawakuwahi kuigusa, wakatupa mabonge makubwa ya udongo shimoni, wakamwaga maji na kuyaacha yalainike. Baadaye Gamaliel akaingia kukanyaga.

"Nikasikia kitu kinajikunja chini ya unyayo," anasema. "Nikajua ni nyoka. Anwari naye akajua ni nyoka, akanyanyua jembe."

Jembe lilikwishaanza kushuka kichwa kilipotokeza kwenye tope. Kichwa butu, vijicho vidogo, na mdomo uliofunguka ukavuta hewa kwa sauti. Gamaliel alipiga ukelele ambao Anwari anasema hajawahi kuusikia kwa mtu mzima. Jembe likakengeuka, likamchana kidogo mgongoni yule kiumbe.

Alikuwa kamongo hai, ametoka kwenye udongo mkavu.

Wanaoishi kando ya matingatinga wanaijua tabia hiyo, ingawa wengi wameisikia tu bila kuiona. Maji yanapokimbia, kamongo hayafuati. Anachimba kwenye matope, anajikunja mkia ukafunika macho, na mwili wake unatoa ute unaokauka na kuwa kifuko chembamba kama karatasi. Anabakiza tundu dogo la kuvutia hewa. Humo analala bila kula wala kunywa, huku nyama yake mwenyewe ikimlisha, mpaka mvua irudi. Maji ya Anwari yalimdanganya yule kamongo kwamba vuli imeingia.

Kwa Gamaliel, aliyekanyagwa alikuwa wa nyumbani. Alimwomba radhi kwa Kihaya, mbele ya wafyatua matofali waliokuwa wanacheka na wengine waliokuwa wanapigia hesabu kitoweo.

Ziwa liko mbali na bonde hilo, na kamongo alikuwa na jeraha. Gamaliel aliamua kumuuguza kwanza, kisha ampeleke ziwani kwa pikipiki siku ya mapumziko. Nyumbani alikuwa na pipa la plastiki la bluu, lile lenye kifuniko kinachokazwa kwa pete ya chuma. Alilisugua, akalitia maji safi. Akaona hayatoshi. Anwari akaleta ndoo nyingine, na nyingine, mpaka maji yakafurika na kumwagika miguuni mwao.

"Tulisema, huyu amekaa bila maji miezi yote hii, leo na ashibe," anakumbuka Anwari.

Kwa kuwa kamongo anajulikana kwa kutoroka, na kwa kuwa mtaani kuna watu wanaomtamani, Gamaliel alifunga kifuniko na kuikaza pete. Usiku huo alilala vizuri. Anasema alijisikia kama mtu aliyelipia kosa lisilo lake.

Asubuhi alifungua pipa. Kamongo alikuwa ametulia juu, tumbo likiangalia mbingu.

Evodia anasema mumewe alikaa chini, pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakutaka chai. Hakutaka kuitwa. Jua lilipokwisha kupanda aliomba simu, na Evodia akadhani anataka kumpigia mzee wa ukoo.

Judica alikuwa amekaa katika chumba cha walimu, anasahihisha. Aliona jina la mama yake kwenye simu, akapokea, akasikia sauti ya baba.

"Judica, njoo nyumbani. Nimeua."

"Umeua nani, Tata?"

"Emamba."

"Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, vyote kwa pamoja," anasema Judica. "Baba hajanipigia simu miaka yote hiyo. Siku anayonipigia anasema ameua, na aliyekufa ni samaki. Lakini mimi ni mtoto wa ukoo ule. Nilijua kwetu huyo si samaki tu."

Aliomba ruhusa, akapanda basi na mkoba wake kama ulivyokuwa, vifaa vya maabara vikiwa bado ndani.

Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, kati ya mibuni. Shimo lilikuwa limeshachimbwa. Kamongo alilazwa kwenye jani la mgomba, na kando yake kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho wazee wa Kihaya walizikwa nacho. Katika ukoo wao, aliyemuua emamba bila kukusudia anapaswa kumzika kama mtu.

Hawakusalimiana kwa urefu. Gamaliel alimwonyesha mwanawe kigoda, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Wewe umesomea hawa," alimwambia. "Niambie amekufa kwa nini. Kama ni jembe, nijue. Kama ni laana, nijue pia."

Judica akatazama jeraha. Lilikuwa dogo, lisilofika popote. Akauliza alimweka wapi. Pipani. Maji yalifika wapi? Juu kabisa, yakamwagika. Na kifuniko?

"Nilikikaza mwenyewe," alijibu Gamaliel. "Hata chawa asingepita."

Evodia, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, anasema hapo ndipo alipomwona binti yake akibadilika uso. Judica mwenyewe anakiri kwamba alifikiria kudanganya. Lilikuwa jambo rahisi kusema ni jembe, na jembe lilikuwa la Anwari.

"Alizama, Tata," alisema.

Gamaliel alikasirika. Alidhani anafanywa mtoto. "Samaki azame? Kwenye maji?"

"Huyu anazama. Wengine wanapumua kwa matamvua yaliyo hapa kwenye mashavu, maji yakipita wanachukua hewa humo humo. Ya emamba ni madogo, hayamtoshi. Lazima apande juu avute hewa kama wewe na mimi, asipopata anakufa. Pale juu palikuwa na kifuniko."

Mtu akisimuliwa leo, anaweza kutabasamu. Pale kibanjani hakuna aliyetabasamu. Gamaliel alikuwa amemwokoa kamongo kutoka kwenye jembe, akamficha wasimle, akamjazia maji kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomziba pumzi. Anasema aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, na ingekuwa afadhali kwake kusikia kwamba ni laana.

Kisha akasema neno ambalo Evodia hakulitegemea kutoka kwa mtu aliyewahi kuacha chakula mezani.

"Nionyeshe."

"Tata, si lazima."

"Nionyeshe. Sitaki kumzika bila kujua nilichomfanyia. Hata hospitali humpasua maiti wakajua."

Judica alipiga magoti juu ya majani makavu, akatoa kisu chake kidogo na mkasi. Mikono yake ilizoea kufanya hivyo mbele ya wanafunzi arobaini, si mbele ya baba yake. Gamaliel alivua kofia. Alipomaliza kukata, Judica alisogeza utumbo pembeni kwa kidole, akamwonyesha mifuko miwili mirefu iliyolala sambamba na uti wa mgongo, imesinyaa, ya rangi ya waridi iliyopauka.

Alichomoa wino kwenye kalamu yake, akaingiza bomba tupu la kalamu kooni mahali palipo na njia ya hewa.

"Puliza," alimwambia baba yake.

Gamaliel akainama, akapuliza. Ile mifuko ikajaa taratibu mbele ya macho yake, ikajitokeza na vijumba vyake vidogo vidogo, sawasawa na mapafu ya mbuzi ambayo ameyaona kila Krismasi. Alipoacha, ikanywea. Akapuliza tena.

"Niliogopa," anasema. "Halafu nikalia. Sijui nililia kwa sababu gani hasa, zilikuwa nyingi."

Kilichofuata kilikuwa mazungumzo ambayo baba na binti hao walikuwa wamedaiana tangu ile meza ya likizo. Gamaliel aliuliza kama samaki wote wana mapafu ndani na sisi tunayatupa bila kujua. Judica akamwambia afikirie bondo la sangara, lile puto jeupe ambalo wanunuzi mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki, huligombea kuliko minofu. Alieleza kwamba wataalamu wanaamini bondo na pafu vina asili moja. Samaki wa kale wenye mifupa walikuwa na mfuko wa kuvutia hewa. Kwa mababu wa sangara na sato mfuko huo ukageuka kuwa wa kuwasaidia kuelea. Kwa mababu wa kamongo ukabaki kazini.

Na papa wa baharini je? Papa hana bondo wala pafu. Hana hata mfupa mmoja. Mwili wake umejengwa kwa gegedu, kama sikio la mtu.

Gamaliel hajawahi kuiona bahari, lakini koo na matawi yake anazijua kuliko karani wa kijiji. Akazipanga habari hizo kwa njia yake.

"Kwa hiyo papa alihama nyumbani mapema, kabla mifupa haijagawiwa," alisema. "Sangara na sato ni nyumba nyingine. Na emamba?"

Judica anasema alisita. Aliogopa baba yake angedhani anamtania kwa kutumia muziro.

"Emamba ni wa nyumba yetu, Tata," alijibu. "Ukifuata nyuma, miaka zaidi ya milioni mia nne, babu yake na babu wa wanyama wote wenye miguu minne ni mmoja, na sisi tumo humo. Emamba yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na sangara."

Gamaliel alimtazama kamongo, akamtazama binti yake. Akasema kitu kimoja tu kwa Kihaya, ambacho Evodia anakitafsiri kwa kucheka: sasa unaniambia leo?

Ingependeza kuandika kwamba tangu hapo Gamaliel anaamini kila kilichomo kwenye vitabu vya Judica. Haamini. Anasoma kitabu cha Mwanzo, na hesabu ya mamilioni ya miaka anasema imemzidi kimo. Wala hakubali kwamba wazee waliweka muziro kwa sababu ya mapafu.

"Wazee hawakupasua mtu," anasema. "Walijua walivyojua. Mwanangu naye amejua kwa njia yake. Mimi niko katikati, nafyatua matofali."

Judica halazimishi. Anasema darasani pia hukutana na wanafunzi wa Kilutheri, Kikatoliki na Kiislamu wanaokunja nyuso akifika kwenye somo la chimbuko la viumbe, na huwaomba waangalie kwanza kile kilicho mezani.

Jioni ile walimshona kamongo kwa uzi wa Evodia, wakamviringisha kwenye lubugo, wakamzika. Wakati wa kufukia ndipo Gamaliel aliposema jambo lililokuwa limemkaa kooni.

"Bibi yako aliumwa presha," alimwambia Judica, bila kumtazama. "Nilijua tangu siku ya msiba. Nilikuonea, mwanangu. Nisamehe."

Judica alishika jembe jingine, wakafukia pamoja.

Si wote walioridhika. Baba mdogo wa Gamaliel, anayeishi upande wa Kashozi, aliposikia kwamba muziro umepasuliwa kibanjani, tena na binti wa ukoo, aliitisha kikao. Gamaliel alitoa mbuzi kama alivyotakiwa. Akaulizwa kama anajuta. Akajibu kwamba anajuta kifuniko, hajuti kisu. Baba yake mdogo bado hajakanyaga nyumbani kwake, na Gamaliel hafichi kwamba hilo linamuuma.

Kazini amebadilika. Mabonge kutoka sehemu ya tingatinga huyavunja kwa mkono kabla ya kuyatia maji, na kona moja ya bonde ameiacha kabisa bila kuichimba, ingawa ina udongo mzuri kuliko kote. Kiangazi hiki amewapata kamongo wawili. Aliwapeleka ziwani kwa pikipiki, kwenye ndoo yenye maji nusu, bila kifuniko, huku dereva akilalamika kwamba anamwagikiwa. Anwari anamtania, lakini wa pili ni yeye aliyemwona na kumwita.

Mjini Bukoba, katika maabara ya shule anayofundisha, Judica ana rafu ya chupa kubwa za kioo. Ya kwanza ina papa mchanga aliyeletwa kutoka Tanga na mwalimu aliyemtangulia, amepauka kwa dawa, ngozi yake bado inakwaruza kama msasa. Zinafuata za furu, wale samaki wadogo wa ziwani, sato na kambale. Furu huwashangaza zaidi wanafunzi, kwa kuwa furu wengi hulea watoto mdomoni, na kwa kuwa aina zake mamia zimezaliwa katika ziwa hili hili kwa muda mfupi sana ukilinganisha na umri wa papa. "Papa ni babu, furu ni watoto wa juzi," huwaambia.

Chupa ya mwisho ni tupu. Alipoanza kazi alipanga kuweka kamongo humo. Sasa amebadili mawazo. Somo la namna wanyama walivyotoka majini atalifundisha mwezi ujao kwa kamongo aliye hai, ndani ya beseni pana, wanafunzi wahesabu wenyewe anapanda kuvuta hewa mara ngapi. Jioni ya siku hiyohiyo atarudishwa ziwani.

Aliyeombwa kumleta ni baba yake. Judica alimweleza pia kwamba madume ya kamongo ndiyo yanayolinda mayai kwenye mafunjo na kumng'ata yeyote anayesogea, hivyo asiguse kiota chochote. Gamaliel alicheka sana kusikia hivyo, kisha akauliza kama dume hilo huwa linanuna.

Ameshamweleza Anwari kwamba siku hiyo hatakuwepo bondeni. Evodia amemfulia shati jeupe la kanisani. Atapanda basi la kwanza kutoka Muleba akiwa na ndoo yake miguuni, na hajali kondakta atasema nini. Hii itakuwa mara yake ya kwanza kuingia katika shule anayofundisha binti yake.

Anasema hana hotuba yoyote, na Judica ameahidi hatamwita mbele. Ataomba dawati la nyuma kabisa.

"Watoto watamtazama emamba," anasema Gamaliel Rutashobya, akiangalia mikono yake iliyopasuka kwa udongo. "Mimi nitamtazama mwalimu. Miaka yote hii nimemsomesha, na sijawahi kumsikia akifundisha."